Mtaro mkavu kule Combe Hay: jinsi ya kuusoma mfereji wa makaa ya mawe uliokufa

Dada mmoja Mtanzania anayeishi Bath, Uingereza, kaniandikia. Wikiendi huwa anatembea vijijini kusini ya mji, sasa karibu na kijiji cha Combe Hay kakuta msituni kuta mbili za mawe makubwa zinatazamana, kama chumba kirefu chembamba kisicho na paa, halafu mtaro mkavu unaozunguka kilima, na mbele zaidi daraja ambalo chini yake hakuna mto wala barabara. Mzee aliyekuwa anatembeza mbwa akamwambia hapo palipita mfereji wa makaa ya mawe. Anauliza: makaa gani tena, mbona hapa ni malisho ya kondoo tu? Maji yalienda wapi? Na atajuaje mtaro huu ni mfereji na sio reli ya zamani? Katuma na picha mbili.

Dada, mzee kakwambia kweli kabisa. Hapo ulisimama ndani ya Somersetshire Coal Canal, mfereji ulioruhusiwa na Bunge la Uingereza mwaka 1794, na hicho chumba kisicho na paa ni loki, yaani chumba cha kupandishia na kushushia boti, nitakueleza chini kidogo inafanyaje kazi. Nashukuru umeuliza manake huu ni mfereji naoupenda kuliko yote, mdogo tu, kama kilomita 17 hivi, lakini historia yake ni nzito kuliko urefu wake.

Tuanze na makaa. Ukitoka Bath kwenda kusini magharibi, Radstock, Midsomer Norton, Paulton, Timsbury, Camerton, hayo maeneo yote yalikuwa ya machimbo. Leo ukipita utaona kijani, nyumba za mawe, makanisa, ng'ombe, huwezi kudhani. Sababu ni kwamba makaa ya Somerset yamejificha chini ya miamba mingine iliyokuja kulala juu yake baadaye, kwa hiyo migodi ilikuwa mashimo ya kwenda chini kabisa, juu panabaki mnara wa kuvutia kamba, injini na lundo la mawe ya taka. Tabaka zenyewe za makaa ni nyembamba mno, mtu anachimba amelala ubavu, na wavulana walikuwa wanakokota makaa kwa kamba iliyofungwa kiunoni, mnyororo unapita katikati ya miguu, kwa magoti na mikono. Kazi hiyo ya kamba kiunoni iliendelea mpaka karne ya 20, nakuomba uikumbuke ukiwa unatembea kwenye hayo majani mazuri. Migodi miwili ya mwisho, Kilmersdon na Writhlington, ilifungwa Septemba 1973. Malundo ya taka bado yapo, wenyeji wanayaita batch, ila mengi yameota miti, lile la Camerton sasa hivi ni hifadhi ndogo ya asili na mgeni anaweza kulipanda akidhani ni kilima cha Mungu.

Sasa kwa nini mfereji. Makaa ni mzigo mzito halafu bei yake kwa kilo ni ndogo, anayefahamu malori yanayotoa makaa Ngaka kuyapeleka Mtwara anajua kabisa kwamba gharama iko barabarani. Mwaka 1790 hali ilikuwa mbaya zaidi, barabara za Somerset ni tope, mkokoteni unazama, farasi wa kubebeshwa mgongoni anabeba kilo mia na kitu. Farasi yuleyule ukimfungia kamba ya boti majini anavuta tani 25 anatembea zake taratibu. Halafu kulikuwa na wasiwasi mkubwa, mifereji ya Wales ilikuwa inajengwa na makaa ya Wales yangeshuka bei yaje kuua soko la Bath, kwa hiyo wenye migodi ya Somerset wakajikusanya wakamwita injinia John Rennie apime njia, na chini yake akawekwa kijana mmoja mpima ardhi anaitwa William Smith. Mpango ukawa matawi mawili, moja bonde la kijito cha Cam kuanzia Paulton na Timsbury, lingine bonde la Wellow kutoka Radstock, yakutane Midford kisha yashuke kwenda kuungana na mfereji mkubwa wa Kennet and Avon pale Dundas.

Hapa ndipo pa kushika, ukishashika hili mengine yote yanakuja yenyewe. Mto unashuka, barabara inapanda na kushuka, reli inapanda kidogo kidogo. Mfereji haufanyi hivyo, maji yake yamesimama, lazima yakae usawa uleule. Kwa hiyo mchoraji wa mfereji anafuata kontua, yaani mstari wa ardhi yenye kimo kilekile. Kilima kikiingia ndani naye anaingia ndani, kikitokeza naye anatokeza. Ndio maana mtaro wako unazunguka kilima badala ya kukata moja kwa moja. Kutoka Paulton mpaka juu ya Combe Hay, njia nzima hiyo, hakuna loki hata moja, ni usawa mmoja unaopinda na bonde. Ukiwa shambani huoni maji, huoni mtaro hata, ila unaona kwenye mteremko kuna kama kibaraza, sehemu bapa upana wa mita kadhaa, mteremko unakuja, unatulia pale, halafu unaendelea kushuka, na hicho kibaraza kinakwenda kinapotelea kwenye uzio kinaibukia upande wa pili. Huo ni mfereji. Upande wa bondeni utaona tuta dogo limeinuka, ndiyo iliyokuwa njia ya farasi.

Ukifika Combe Hay usawa unaisha, lazima ushuke karibu mita 40 ndani ya umbali mfupi. Hapo ndipo walipoteseka wale watu.

Jaribio la kwanza lilikuwa la Robert Weldon, na mimi mpaka leo nikilifikiria nasisimka. Alijenga shimo kubwa la mawe limejaa maji muda wote, ndani yake sanduku kubwa la mbao lililofungwa kila upande, lina urefu wa mita kama 24, limezamishwa. Boti inaingia ndani ya sanduku ikiwa juu, mlango unafungwa, halafu wanaongeza maji kidogo ndani sanduku linakuwa zito kuliko maji yaliyolizunguka, linazama polepole na boti na watu wake ndani, mpaka linakutana na mlango wa chini, linafunguliwa, boti inatoka inaendelea. Kwa mahesabu ni safi, karibu hakuna maji yanayopotea. Lilijaribiwa kuanzia 1797, mwaka 1798 Prince of Wales, yule aliyekuja kuwa mfalme George IV, alikuja kuliona. Tatizo ni ardhi yenyewe. Combe Hay kuna udongo fulani unaovimba ukilowa, kuta zikasukumwa zikaingia ndani, sanduku likawa linakwama, na ukifikiria kukwama ndani ya sanduku la mbao chini ya maji gizani utaelewa kwa nini waliachana nalo. Lilibaki jina, nyumba moja hapo kijijini mpaka leo inaitwa Caisson House, caisson ndilo sanduku lenyewe.

Jaribio la pili walitengeneza mteremko wa reli, makaa yanapakuliwa kwenye boti yanapakiwa kwenye mabehewa madogo yanateremshwa yanapakiwa tena kwenye boti nyingine chini. Ilikuwa kazi ya kuumiza, makaa yanavunjika yanakuwa vumbi na vumbi hakuna anayelinunua kwa bei nzuri. Basi wakarudi kwenye njia ya kawaida, wakatafuta pesa, wakajenga loki 22 zinazoshuka bonde, zikaisha 1805.

Loki ni chumba cha mawe chenye mageti juu na chini. Boti inaingia, unafunga geti la juu, unaachia maji yatoke kwa chini, boti inashuka na maji mpaka ilingane na mfereji wa chini, unafungua geti, inatoka. Za pale ni nyembamba, boti upana wake mita 2 na kidogo, urefu kama mita 21 au 22, ndio maana wewe umeona kama korido. Kila mara loki ikitumika karibu lita laki moja za maji zinashuka na hazirudi zenyewe, kwa hiyo wakaweka injini ya mvuke ya kupandisha maji juu tena. Maji yalikuwa ugomvi wa kudumu kwenye huo mfereji, kiangazi hayatoshi, na wenye vinu vya nafaka kando ya kijito nao wanayataka.

Lile tawi la Radstock halikuwahi kuungana vizuri. Pale Midford ungehitaji loki nyingine nyingi na hela hakuna, kwa hiyo 1815 wakalaza reli ya kukokotwa na farasi pembeni mwa mfereji na tawi lenyewe likafa mapema. Kwa hiyo ukienda bonde la Wellow kutafuta alama jiandae, huko ni hafifu zaidi.

Nikae kidogo kwa William Smith manake bila yeye nisingekuwa na hamu hii. Alikuwa mtoto wa fundi chuma kutoka Oxfordshire, kazaliwa 1769, hakusoma chuo chochote. Alianza kushuka kwenye migodi ya High Littleton akaona tabaka za mawe zinafuatana kwa mpangilio uleule kila shimo. Halafu akapewa kupima mfereji, na mfereji ni kisu kirefu kinachokata ardhi kilomita na kilomita, mabonde mawili sambamba, kila siku wachimbaji wanamfunulia jiwe jipya. Akaona tabaka zote zinalala kidogo kuelekea mashariki, na akaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekitumia hivyo kabla yake: kila tabaka lina visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, konokono wa aina hii wako hapa, wale wako pale, hawachanganyiki. Kwa hiyo ukiokota kisukuku unajua uko tabaka lipi hata kama mawe yanafanana rangi. Kampuni ya mfereji ilimwachisha kazi 1799, mwaka huohuo akiwa Bath akatoa jedwali la tabaka za eneo lile, na 1815 akachapisha ramani ya miamba ya England, Wales na sehemu ya Scotland, kazi ya mtu mmoja kwa miguu na farasi. Miaka minne baadaye alifungwa gerezani London kwa madeni. Yaani jiolojia tunayosoma shuleni, ile ya tabaka na visukuku, sehemu kubwa ilianzia kwenye mtaro kama huo uliokuwa unautazama.

Sasa swali lako la maji yalienda wapi. Watu wengi wanadhani makaa yaliisha ndipo mfereji ukafa. Sivyo. Makaa yaliendelea miaka 70 na zaidi baada ya mfereji kufungwa. Kilichoua mfereji ni reli, treni ikafika mpaka Camerton 1882, na treni haingoji maji, haingoji barafu iyeyuke, inabeba mzigo ule kwa masaa sio siku. Kampuni ikafilisika 1893, boti zikakoma 1898, na 1904 njia yote ikauzwa kwa kampuni ya reli ya Great Western Railway, wao hawakuutaka mfereji, walitaka ardhi yake wapitishe reli kutoka Camerton kwenda Limpley Stoke. Reli hiyo ikafunguliwa 1910. Na ona jinsi makaa yalivyokuwa bado yana nguvu, mgodi wa Dunkerton, uliokuwa mkubwa kuliko yote Somerset kwa wakati wake, ulianza kutoa makaa miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1900, mfereji ukiwa tayari mkavu mlangoni kwake. Reli nayo ikaisha, 1951 ikafungwa moja kwa moja. Kwa hiyo hapo una maiti mbili zimelala kaburi moja, na ndio maana watu wanachanganyikiwa.

Maji yenyewe hayakuhitaji kwenda popote. Mfereji ni beseni, chini umetandikwa udongo wa mfinyanzi uliolowanishwa ukakandwa kwa miguu mpaka ukawa hauvuji. Beseni hilo linaishi likiwa limelowa. Ukikata maji yanayoingia udongo unakauka, unapasuka, na hata mvua ikinyesha yanapita. Ukiona sungura wamechimba kwenye ukingo wa mtaro chunguza walichotoa, kama ni udongo mzito laini wa kijivu au njano usiofanana na udongo wa shamba la jirani, umepata.

Kutofautisha mfereji na reli, haya ndiyo naangalia mimi. Kwanza usawa, kama nilivyosema, mfereji haupandi, reli inapanda taratibu na miguu yako itahisi ukitembea nusu saa. Pili mikunjo, mfereji unapinda hovyo kufuata kilima, treni haiwezi kona kali kwa hiyo reli inakata, inachimba hapa inajaza tuta pale. Pale Combe Hay tuta la reli limepita katikati ya mstari wa loki kabisa, limefukia baadhi, na vipande vya mfereji ambavyo reli haikuvihitaji vimebaki pembeni msituni, ndivyo ulivyoviona. Upande wa chini kuelekea Monkton Combe ni kinyume, huko reli ililala juu ya mfereji kwa hiyo usipoteze muda. Tatu ardhi, kanyaga, ukikuta kokoto kali na majivu meusi magumu ni reli. Ukikuta tope na majani ya majimaji hata mwezi wa nane wakati kila kitu kimekauka, ni mfereji. Nne mawe: watu wa mfereji walitumia jiwe la hapohapo, lile la njano la Bath, walichonga kwa mkono na unaona alama za patasi. Watu wa reli wa 1910 walileta matofali kwa treni.

Picha zako sasa. Ile ya kwanza nimeikuza kwenye simu nikafurahi sana. Mwisho wa ukuta, upande wa kushoto, kuna kona imechongwa mviringo kama nusu bomba limesimama, kutoka chini mpaka juu, laini kuliko mawe mengine yote. Hapo ndipo mhimili wa geti ulipokuwa unazungukia. Ule ulaini ni mbao ya geti, imesugua jiwe hilo miaka 90 na zaidi, mara nyingi kila siku. Karibu yake ukuta umeingia ndani kidogo, kina kama cha kiganja, hapo geti lilikuwa linajilaza likifunguliwa ili boti isiligonge. Ukirudi kapapase kwa mkono, halafu tazama kingo za juu za kuta kama utaona mifereji midogo iliyokwanguliwa, kamba za boti zilikuwa zinabeba mchanga na tope zikakata jiwe kama msumeno. Hiyo ni alama ambayo hakuna reli wala kijito kinaweza kuiacha.

Picha ya pili sio mfereji. Lile daraja ni la matofali magumu ya bluu-kijivu, tao lake ni pana na liko juu, limejengwa kupitisha treni chini yake, ni la 1910. Daraja la mfereji ni fupi, la mawe, mgongo umeinuka kama wa ngamia, na chini ya tao nafasi yake ni ya boti moja na farasi mmoja pembeni basi.

Kabla hujarudi huko kaa na simu yako jioni moja. Maktaba ya taifa ya Scotland imeweka kwenye intaneti ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, hazilipiwi, na zinafika mpaka England. Fungua ramani ya miaka ya 1880, mfereji umechorwa na maji yake, loki moja moja zimeonyeshwa, halafu pembeni fungua picha ya laida, ile ya ndege inayopima ardhi kwa mwanga na kuvua miti yote. Utaona kile kibaraza kimeandikwa ardhini wazi kuliko ukiwa umesimama juu yake. Weka nukta kwenye ramani ya simu yako, ndipo uende. Na nenda Januari au Februari, sio Julai, kiangazi upupu wa kizungu na miiba vinafunika kila kitu, baridi inaacha umbo la ardhi uchi. Vaa buti. Sehemu nyingi ni mashamba ya watu, wewe fuata njia za umma zilizochorwa kwenye ramani, ukitaka kuingia pembeni bisha hodi kwanza, wakulima wa huko ukiwauliza kwa adabu wengi wanapenda kukuonyesha wenyewe. Na kuta za loki usizipande, mawe yamelegea.

Kama unataka kuona ulivyokuwa na maji anzia Dundas, pale Brassknocker kipande cha mwanzo kilirudishiwa maji na boti zimeegeshwa. Baiskeli unaweza kutoka hapo na njia ya Colliers Way mpaka Midford, pale Midford 1831 walijenga nyumba ya kupimia boti, boti inaingia nzima nzima na mzigo, maji yanatolewa inabaki imekalia mzani, ushuru unakatwa kwa tani. Jengo halipo tena ila daraja la mawe lililokuwa linapitisha tawi la Radstock juu ya kijito cha Cam lipo, na limekarabatiwa. Upande wa pili kabisa, Paulton na Timsbury, wapo watu wa kujitolea wa Somersetshire Coal Canal Society, chama cha tangu 1992, wao wamefukua mabwawa ya kupakilia makaa na chelezo ya kutengenezea boti iliyokuwa imezikwa chini ya taka. Wana matembezi ya kuongozwa na wanawajua wenye mashamba, kwa hiyo hizo loki za msituni ambazo hazina njia ya umma, nenda nao.